Mchezaji Anapobanwa na Misuli

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kila aliyewahi kukaa kando ya uwanja wa mpira amekwisha kuliona. Dakika ya 80 imepita, mchezo umepamba moto, mara beki wa pembeni anaruka kuuwahi mpira. Anapotua, papo hapo anaanguka na kukishika kigimbi chake kwa mikono miwili. Hakuna aliyemgusa. Mwamuzi anapuliza kipenga, na mchezaji mwenzake, pengine hata wa timu pinzani, anauinua mguu wake na kuusukuma unyayo kuelekea gotini. Watazamaji nao hawakosi la kusema. Mmoja anapaza sauti, "Mpeni maji!" Mwingine anasema, "Huyo hajala ndizi." Wa tatu anashauri alambishwe chumvi.

Wote watatu wana nia njema, na katika kila neno lao mna chembe ya ukweli. Hata hivyo, wote wamelipita jambo lililo kubwa zaidi. Utafiti wa zaidi ya miaka 25 sasa unaonyesha kwamba, kwa wanamichezo walio wengi, msuli haukazi kwa sababu ya kiu. Hukaza kwa sababu umechoshwa kupita kiasi ulichozoeshwa. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwalimu wa timu anayeamini kuwa kisa ni maji atapeleka ndoo ya maji uwanjani siku ya mechi na kudhani amemaliza kazi. Anayejua kuwa kisa ni uchovu ataianza kazi yake majuma mengi kabla ya mechi. Tena, kama tutakavyoona hapo mbele, maji yakizidi nayo huua.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Wengine huita kubanwa na misuli, wengine kukaza misuli, na wengine kukakamaa. Ni hali ya msuli kujikunja wenyewe kwa nguvu bila ya mwenye mwili kuuamuru, ukawa mgumu kama jiwe, ukauma sana, na ukakataa kulegea. Hali hiyo huchukua sekunde chache hadi dakika kadhaa. Aghalabu hushika vigimbi, misuli ya nyuma ya paja, au ile ya mbele ya paja. Misuli hiyo ina sifa moja inayofanana: inapita juu ya viungo viwili. Msuli mkubwa wa kigimbi unavuka goti na kifundo cha mguu. Misuli ya nyuma ya paja inavuka nyonga na goti. Naomba msikilizaji aikumbuke sifa hiyo, maana tutairudia.

Je, habari ya maji na chumvi ilitoka wapi? Haikutoka viwanjani, bali migodini na melini. Mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wa Uingereza waliwachunguza wachimbaji wa makaa ya mawe, pamoja na mabaharia waliokuwa wakichochea moto katika matumbo ya meli za mvuke. Hao walifanya kazi ya sulubu katika joto kali, wakatokwa na jasho jingi, wakanywa maji matupu kwa wingi, kisha wakabanwa na misuli. Walipotiliwa chumvi kidogo katika maji yao, wengi walipata nafuu. Miaka ya 1930 mambo kama hayo yalionekana Marekani, kwa wafanyakazi waliokuwa wakijenga bwawa la Hoover katika jangwa lililo mpakani mwa majimbo ya Nevada na Arizona. Tangu hapo ushauri wa maji na chumvi ukahamia kwa wanamichezo, na baadaye makampuni yanayouza vinywaji vya michezo yakaueneza kwa matangazo yao.

Kwa wachimbaji wale ushauri huo haukuwa uongo. Mtu aliyechimba makaa kwa zamu nzima, siku nenda siku rudi, alipoteza chumvi nyingi isiyorudishwa na maji matupu. Lakini mchezaji wa mpira hucheza dakika 90, na siku iliyotangulia alikula ugali na mboga iliyotiwa chumvi. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kujiuliza maswali.

Swali la kwanza ni hili. Damu huzunguka mwili mzima, na chumvi ikipungua katika damu imepungua kwa misuli yote. Mbona basi kinachobanwa ni kigimbi kimoja, na mikono, shingo na mgongo vikabaki salama? La pili, msuli uliobanwa ukinyooshwa hulegea baada ya muda mfupi tu. Kunyoosha mguu hakuongezi hata tone moja la maji mwilini, wala punje ya chumvi. Imekuwaje basi mtu akapona? La tatu, wapo wanaobanwa katika hali ya hewa ya baridi, na wapo waogeleaji wanaobanwa wakiwa ndani ya maji. Hao nao tuseme wamekaushwa na jua?

Mwaka 1997, daktari wa michezo Martin Schwellnus wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, pamoja na wenzake, walitoa maelezo mapya. Walisema chanzo kiko katika mawasiliano baina ya msuli na mishipa ya fahamu, na kinachoyavuruga mawasiliano hayo ni uchovu. Baada ya hapo wakaenda kuyapima maelezo yao barabarani. Walichukua wakimbiaji wa mbio ndefu kupita marathoni, wakawapima uzito na damu kabla na baada ya mbio. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004 yalionyesha kuwa waliobanwa hawakuwa wamepungukiwa maji kuliko wasiobanwa, na tofauti za chumvi katika damu zao zilikuwa ndogo mno kuweza kuwa ndiyo sababu.

Mwaka 2011 walichapisha uchunguzi mwingine, safari hii wa washiriki 210 wa mashindano ya Ironman, ambayo mtu huogelea, kisha huendesha baiskeli, kisha humalizia kwa kukimbia marathoni nzima. Waliobanwa walikuwa 43. Kilichowatofautisha na wenzao kilikuwa mambo mawili: walikwenda kwa kasi kubwa zaidi, na walikuwa wamekwisha kubanwa katika mashindano ya nyuma. Maji na chumvi havikuweza kubashiri nani atabanwa na nani atapona.

Sasa uchovu unaukazaje msuli? Tuchukue mfano wa gari. Gari huhitaji mafuta ili liende, na breki ili lisimame, na dereva hutumia vyote viwili. Msuli nao uko hivyo hivyo. Ndani ya nyama yake mna vipokezi vidogo vinavyopeleka habari kwenye uti wa mgongo kila msuli unaponyooka, na jibu linalorudi ni amri ya kujikunja. Hayo ndiyo mafuta. Katika ukano, yaani ile kamba ngumu inayouunganisha msuli na mfupa, mna vipokezi vya aina nyingine, vinavyobeba jina la mtaalamu wa Italia, Camillo Golgi. Kazi yao ni kupima mvuto, na mvuto ukizidi hutuma habari ya kuulegeza msuli. Hiyo ndiyo breki.

Msuli unapochoka sana, mafuta huongezeka na breki hulegea. Amri za kujikunja humiminika, na sauti ya kusema "basi, inatosha" haisikiki. Hali huwa mbaya zaidi kama msuli huo unafanya kazi huku umekwisha kufupika, kwa sababu hapo ukano hauvutwi na breki yake inanyamaza kabisa. Hapa ndipo ile sifa tuliyoitaja inaporudi. Misuli inayovuka viungo viwili ndiyo inayofupika kwa urahisi zaidi. Mchezaji anayeruka huku goti limekunjwa na vidole vya mguu vimeelekea chini amekifupisha kigimbi chake kutoka pande zote mbili. Tena ndiyo maana kuunyoosha msuli huuponya: tunauvuta ukano, na breki inaamka.

Mfano mmoja tunao sisi wenyewe Watanzania. Tarehe 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari, mwanariadha kutoka Mbulu, alikimbia marathoni ya michezo ya Olimpiki katika jiji la Mexico, lililo kiasi cha mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Wengi tunaikumbuka picha yake akiingia uwanjani huku mguu umefungwa bandeji, giza limekwisha kuingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 walimaliza, na yeye alikuwa wa 57, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Tunalikumbuka goti lake lililoumia alipoanguka katika msukumano wa wakimbiaji. Ni wachache wanaokumbuka kuwa kabla ya kuanguka alikuwa amekwisha kubanwa na misuli, kwa kuwa hakuwa amefanya mazoezi katika mwinuko kama ule. Katika hewa nyepesi, kasi ile ile ambayo mtu ameizoea kwao inakuwa mzigo mzito, na msuli huchoka mapema. Ujasiri wa Akhwari uliifikisha Tanzania kwenye mstari wa mwisho. Lakini ujasiri hauwezi kushika nafasi ya maandalizi.

Joto nalo huleta uchovu kwa njia yake. Tarehe 5 Juni 2014, katika fainali ya kwanza ya mpira wa kikapu ya Marekani, mitambo ya kupoza hewa iliharibika katika ukumbi wa San Antonio, na joto ndani likafika karibu nyuzi 32 za Selsiasi. LeBron James wa Miami Heat, aliyesifika kwa nguvu zake, alibanwa na misuli katika robo ya mwisho hata ikabidi abebwe kutolewa uwanjani. Timu yake ilifungwa pointi 110 kwa 95. Wenzake wengi walicheza katika joto lile lile bila ya kubanwa, na hilo nalo linatufundisha kuwa miili hailingani.

Kuna na kitu kingine ambacho hatukizungumzi sana, nacho ni wasiwasi. Juni 2023, mcheza tenisi Carlos Alcaraz wa Hispania, kijana wa miaka 20, alikutana na Novak Djokovic katika nusu fainali ya mashindano ya Ufaransa. Mwanzoni mwa seti ya tatu misuli yake ilikaza, na katika seti ya tatu na ya nne alishinda gemu 2 tu kati ya 14. Baada ya mechi alieleza mwenyewe kuwa kilichomwangusha ni mkazo wa mawazo wa kukabiliana na mpinzani kama yule. Mtu mwenye hofu hukaza mwili mzima bila ya kujua, na msuli uliokazwa saa nzima huchoka kama uliokimbizwa.

Je, basi maji na chumvi havina maana? La, vina maana, lakini kwa kiasi na kwa watu maalumu. Wapo wanamichezo ambao jasho lao lina chumvi nyingi kuliko la wenzao. Utawajua kwa madoa meupe yanayobaki kwenye jezi likikauka. Mtu wa aina hiyo akicheza siku mfululizo katika joto la Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ni vema aongeze chumvi kidogo katika chakula chake siku za mashindano, isipokuwa kama ana shinikizo la damu na daktari amemkataza. Watu wa pwani husifu madafu, na dafu ni kinywaji kizuri. Lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na kinachopotea zaidi kwa jasho ni sodiamu, yaani ile iliyomo katika chumvi ya kawaida. Kwa hiyo dafu peke yake haliwezi kushika nafasi ya chumvi.

Hatari iko upande wa pili. Mwaka 2002, katika marathoni ya Boston, mwanamke kijana alifariki dunia kwa sababu alikunywa mno wakati wa mbio. Maji yalipozidi, sodiamu katika damu yake ilishuka, na ubongo ukavimba. Katika mbio hizo hizo watafiti walipima damu za wakimbiaji 488, wakakuta kuwa asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka kupita kiasi. Hao hawakuwa wagonjwa waliolazwa hospitali. Walikuwa watu waliomaliza mbio kwa miguu yao. Kwa hiyo tunapomwambia kijana anywe, anywe, na aendelee kunywa ili asibanwe na misuli, tunampa ushauri ambao hautamwokoa na kubanwa, na pengine utamdhuru.

Sasa tuje kwenye kinga, ambayo ndiyo shabaha ya mazungumzo yetu.

La kwanza ni mazoezi yanayolingana na mchezo wenyewe. Timu inayofanya mazoezi ya dakika 45 jioni, kisha ikaenda kucheza dakika 90, na pengine 30 za nyongeza, imejiandalia kubanwa. Misuli haiwezi kutoa katika dakika ya 110 kitu ambacho haijawahi kutoa mazoezini. Mwalimu na aongeze muda na kasi kidogo kidogo, juma baada ya juma, na baadhi ya siku mbio za kasi ziwekwe mwishoni mwa mazoezi, wakati miguu imekwisha kuchoka. Hivyo ndivyo zitakavyohitajika siku ya mechi.

La pili ni mazoezi ya nguvu. Katika marathoni ya Valencia, Hispania, watafiti waliona kuwa wakimbiaji waliobanwa hawakupungukiwa maji wala chumvi kuliko wenzao. Lakini robo yao tu walikuwa na desturi ya kuifanyisha miguu mazoezi ya nguvu, na kwa wale wasiobanwa walikuwa karibu nusu. Mazoezi hayo hayahitaji vyuma vya gharama. Simama kwa vidole kwenye kidato cha ngazi, visigino vikiwa hewani, ujiinue na kujishusha polepole mara 15, upumzike, kisha urudie. Kwa misuli ya nyuma ya paja, piga magoti kwenye mkeka, mwenzako akushike vifundo vya miguu, halafu ujishushe mbele polepole huku mgongo umenyooka, mpaka mikono ikupokee. Anza na mara chache, maana zoezi hili huuma siku za mwanzo.

La tatu ni kuizoea hali ya hewa. Mwili huhitaji kiasi cha siku 10 hadi 14 kulizoea joto. Timu inayoshuka kutoka Njombe au Arusha asubuhi na kucheza Dar es Salaam jioni imekwenda na miili ya baridi kwenye mchezo wa joto. Kama hakuna fedha za kukaa siku zote hizo, basi hata siku 4 au 5 ni bora kuliko kutokwenda mapema kabisa, na mwalimu apange wachezaji wa akiba akijua kuwa atawahitaji.

La nne ni chakula na kinywaji. Usiku wa kuamkia mechi, na saa 3 hivi kabla ya mchezo, mchezaji ale chakula cha wanga wa kutosha: ugali, wali, viazi, au ndizi za kupika. Msuli ulioishiwa wanga huchoka haraka. Anywe maji kwa kufuata kiu yake. Kama ipo mizani, ajipime kabla na baada ya mazoezi. Akikuta uzito umeongezeka, ajue amekunywa kupita kiasi. Wale wanaolamba unga wa glukosi wakati wa mapumziko wanapata nguvu kidogo ya haraka, lakini haitafidia chakula walichokosa jana.

La tano ni mapumziko. Hili nalisema hasa kwa wanaosimamia mashindano ya shule. Mtoto anayechezeshwa leo, kesho na keshokutwa, huku akilala sakafuni darasani, atabanwa hata akinywa pipa zima la maji. Ratiba yenye siku ya kupumzika ni dawa isiyouzwa dukani.

Pamoja na yote hayo, mchezaji akibanwa tufanyeje? Asimame au akae, na msuli unyooshwe taratibu bila ya kuvutwa kwa ghafla. Kwa kigimbi, goti linyooshwe na vidole vya mguu vivutwe kuelekea mwilini. Kwa nyuma ya paja, goti linyooshwe na mguu uinuliwe. Kwa mbele ya paja, goti likunjwe na kisigino kivutwe kuelekea makalioni. Shikilia kwa sekunde 20 hadi 30, legeza, kisha rudia mpaka msuli utulie. Kuchua kwa wepesi kunafaa. Kuupiga msuli ngumi au kuuchoma pini hakufai. Akirudi mchezoni aanze polepole, maana msuli uliokwisha kubanwa mara moja uko tayari kubanwa tena.

Ndizi ni chakula bora, lakini ikiliwa wakati wa maumivu haiwezi kusaidia, kwa kuwa huchukua nusu saa au zaidi kabla ya chochote kilichomo kufika katika damu. La ajabu ni maji ya matango yaliyowekwa katika siki na chumvi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwabana watu msuli wa mguuni kwa umeme, wakawapa maji hayo au maji matupu. Waliokunywa maji ya siki walipona kwa wastani wa sekunde 85, na wale wa maji matupu kwa sekunde 134. Muda huo ni mfupi mno kwa chumvi kufika msulini. Inaelekea kuwa ule ukali wa siki kooni huishtua mishipa ya fahamu, nayo ikatuma amri ya kutulia. Hapo pia tunaona kuwa ugomvi uko katika mishipa ya fahamu kuliko katika maji.

Lipo moja la kuonya kwa nguvu. Wako wanaomeza kwinini ili wasibanwe. Kwinini ni dawa ya malaria. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuharibu chembe zinazogandisha damu, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2010 dhidi ya kuitumia kwa kubanwa misuli. Mwanamichezo asiiguse kwa kazi hiyo.

Mwisho, tujue kutofautisha. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa seli mundu, na wapo wengi zaidi waliorithi hali hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambao huishi bila ya dalili yoyote. Mtu wa aina hiyo akikimbizwa mbio za kasi mfululizo bila ya kupumzika anaweza kuanguka, na watu wakasema amebanwa na misuli. Mtazameni vizuri. Aliyebanwa hupiga kelele, na msuli wake ni mgumu ukiushika. Huyu mwingine hulegea na kuketi kimya, miguu yake inauma na haina nguvu, lakini ukiishika nyama ni laini. Asiambiwe ajikaze. Asimamishwe mazoezi hapo hapo, apozwe, apewe maji, na akimbizwe hospitali. Tangu mwaka 2010 vyuo vikuu vikubwa vya Marekani huwapima wanamichezo wao hali hiyo kabla ya kuwaruhusu kucheza, na kipimo chenyewe ni cha damu kidogo tu. Vivyo hivyo, anayebanwa mwili mzima, anayepayuka ovyo huku mwili unawaka moto, au anayekojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, huyo si wa kunyooshwa mguu. Ni mgonjwa wa kuwahishwa kwa daktari, na mwenye mwili wa moto amwagiwe maji baridi kabla hata gari halijafika.

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana anayeanguka dakika ya 80 ametuonyesha ufa ulioanza zamani, katika mazoezi mafupi, safari ya usiku kucha, na ratiba isiyo na huruma. Tusimzomee kuwa anapoteza muda, wala tusimlaumu kuwa hakunywa maji. Jumatatu inayofuata mwalimu wake na aifungue daftari ya mazoezi, aangalie ni dakika ngapi timu yake hukimbia kwa wiki, aanzie hapo.